Mlango Uliofika Kabasa

Kwa-tu. Kimya kidogo. Kwa-tu.

Kulikuwa bado hakujapambazuka, na sauti hiyo ilitoka uani kwa Machibya, pale Kabasa, Bunda. Ilikuwa sauti ya komeo la mti. Linasukumwa, linarudishwa, linasukumwa tena.

Machibya alitoka na tochi ya simu, shati halijafungwa vifungo. "Nani huyo kwenye milango yangu?"

"Ni mimi, baba. Nimekuamsha. Samahani sana."

Mwanga ulimkuta Mama Marieta ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, kanga kichwani, mkono wake juu ya komeo la ule mlango wa mninga.

Ndugu msomaji, pale pale ndipo tulipomwacha. Mjane huyu alitoka kwake Butiama kuja kwa Machibya, anayeuza milango, madirisha na mabati ya nyumba zilizobomolewa. Alitaka mlango mmoja tu wa mtumba. Badala yake akaukuta mlango aliouchonga marehemu mume wake, Stanislausi, kwa ajili ya chumba cha kulala cha mtoto wao Gody, kule Mwisenge, Musoma. Aliujua kwa kile kiraka cheusi cha mpingo, cha mviringo kama jicho la ng'ombe, ambacho Stanislausi alizibia tundu la kifundo.

Akapiga simu. Gody akapokea, akacheka vizuri tu.

"Mlango wa baba? Upo, mama! Nimeuegemea hapa ninavyoongea na wewe."

Na mama mkono wake ulikuwa juu ya mlango huo huo, Bunda.

"Hukulala," alisema Machibya.

"Nililala. Mkeo alinipa kitanda chake, akanichemshia na maji ya kuoga. Ningekosaje kulala? Ila komeo hili liliniita." Akalisukuma tena. Kwa-tu. "Mume wangu alilichonga siku nzima. Alisema mlango wa watu waliooana ufungwe kwa mti, chuma kinapiga kelele."

Machibya alivuta ndoo nyingine, akaketi. Hakurudi ndani kulala. Hiyo nayo ni hisani.

"Aliyekuuzia ni nani, baba?"

"Dalali wa Musoma. Ananipigia simu, vitu vinakuja. Huu ulikuja juu ya gari la nyanya."

"Nyumba yenyewe uliiona?"

"Sijawahi kuiona, mama. Mimi naonaga milango tu."

* * *

Kulipokucha, Petronila, mke wa Machibya, alileta chai na mihogo ya kuchemsha. Mtu wa maneno huyo, lakini mkono wake mwepesi wa kutoa.

"Mama, nikwambie kitu usikasirike?"

"Sema, mwanangu."

"Mwanaume hauzi mlango wa chumbani kwake kwa akili zake. Kuna mwanamke hapo. Huyo mkwe wako Recho, umesema ukienda humkuti?"

"Simkutagi. Gody ananiambia yuko kazini. Mara yuko kwenye kikoba, kuweka akiba na wenzake. Mara ameenda kwao Kiriba."

"Haya! Na kwako Butiama hajakanyaga?"

"Tangu baba yao azikwe, hajaja."

Petronila aliguna, akamwongezea mama mhogo mkubwa kuliko yote. "Anakula nyumba huyo. Ameanza na mlango."

Neno lilimwingia Marieta likakaa, kwa sababu hata yeye alikuwa nalo siku nyingi. Alikuwa akienda Mwisenge na mfuko wa unga wa ulezi, anaketi sebuleni, anaongea na mwanawe, mlango wa chumbani umefungwa, mkwe hayupo. Akirudi njiani alikuwa akijiuliza: nimemkosea nini msichana wa watu?

Mwisho alijipa jibu. Nyumbani Butiama hakuna pa kuwalaza. Mtoto aliyeoa hawezi kulala na mkewe chini ya paa la mama yake. Basi akaamua kuigeuza karakana ya Stanislausi iwe nyumba ndogo. Alipiga lipu ya udongo, akasakafia, akaziba matundu ya panya, na miezi yote hiyo hakwenda Mwisenge. Palibaki mlango tu. Akipata mlango, Recho atakuja.

Hilo ndilo alilolitaka, msomaji wangu. Mkwe aje nyumbani.

"Leo naenda Musoma kupakia mabati," alisema Machibya. "Panda, mama. Nitakushusha kwa mwanao."

"Utanisaidia sana, baba."

"Si msaada. Nanyoosha mguu tu."

Gari lake lilikuwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ngazi imefungwa nyuma. Upande wa abiria hapakuwa na mlango, palikuwa na kamba.

Kwa mara ya kwanza tangu jana, Marieta alicheka. "Muuza milango, na gari lako halina mlango!"

"Watu hawabomoi kirikuu, mama. Siku wakibomoa kimoja, wa kwanza kununua ni mimi." Akaivuta kamba na kuifunga fundo mara mbili, kisha akaijaribu kwa nguvu zake zote kabla ya kuwasha gari.

* * *

Walipita Kiabakari jua limeshachomoza. Marieta aliiangalia barabara ya kwao Butiama na hakusema simama.

"Hutaki kumpigia kwanza?" aliuliza Machibya.

"Nimpigie aniambie nini? Kwamba bado ameuegemea?"

Machibya alicheka, halafu akajuta kucheka.

"Mabati unayoyafuata ni ya nani?"

"Dalali yule yule. Kanitumia picha, bati nzuri, hazina hata kutu. Kuna baba mmoja pale Bunda, mke wake amefariki, analala na watoto chini ya turubai. Ameshanilipa. Mimi nimeshamlipa dalali. Leo naezua, kesho jioni namalizia."

"Utakuwa umemsaidia."

"Sisi kazi yetu ndiyo hiyo, mama. Ya huyu inakwenda kwa huyu."

Waliingia Musoma. Walipita Bweri, wakashuka mjini, upepo wa ziwa ukaanza kupiga kwenye ile kamba. Upande wa maji wingu lilikuwa limekaa, jeusi kama sufuria ya msibani.

"Unashuka wapi, mama?"

"Mwisenge."

"Na mimi Mwisenge."

Alikata kona penye duka la nafaka. Marieta alitaka kumwambia kata hapo, akakuta ameshakata. Akatulia. Machibya alikata tena penye mti wa mkuyu uliopigwa na radi, na Marieta akashika kamba kwa mikono miwili.

"Baba, umejuaje?"

"Nimejua nini?"

"Kwamba ni hapa."

Machibya aliangalia picha na maelekezo ya dalali kwenye simu. Aliangalia nyumba iliyokuwa mbele yao. Akazima gari.

Nyumba ya Gody ilikuwa imesimama, lakini ilikuwa imetobolewa macho. Madirisha yalikuwa yameng'olewa pamoja na nondo zake, matundu yamezibwa kwa viroba. Mlango wa mbele haukuwepo. Juu, mabati mazuri yasiyo na kutu yalikuwa yanang'aa.

"Mama," alisema Machibya polepole, "sikujua. Haki ya Mungu, sikujua."

"Najua hukujua. Nifungulie kamba."

* * *

Gody alisikia gari, akatoka mbio. Alikuwa amekonda, mabega yametokeza kwenye fulana.

"Mzee Machibya? Dalali alinitajia. Karibu! Ngazi umekuja na—"

Akamwona mama yake anashuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mlango umeuegemea wapi, Gody?"

Kijana aliangalia nyuma, kwenye fremu tupu ya mlango.

"Nauliza mwanangu. Mimi jana nimeushika Kabasa. Wewe ukaniambia umeuegemea. Milango ya baba yako ilikuwa mingapi?"

"Mama, njoo tukae kule kivulini, nitakueleza."

"Kivulini kwa nani? Nimekuja kwako. Nyumba yako inakwenda wapi? Unakunywa pombe? Umeingia kwenye kamari hizi za simu?"

"Hapana, mama."

Wakati huo huo mwanamke akatokea ndani, kitenge kiunoni, bakuli la uji mkononi, kijiko ndani yake. Alitoka kama mtu aliyezoea nyumba ile.

Marieta alimwangalia kuanzia juu mpaka chini. "Kumbe! Recho umemfukuza, umeleta huyu?"

"Mama!" Gody alishtuka.

Mwanamke yule hakukasirika. Aliweka bakuli chini, akapiga goti. "Shikamoo, mama. Mimi naitwa Pelagia, jirani. Nyumba yangu ni hiyo hapo yenye mbuzi. Nina mume na presha, wa pili sijamtafuta."

"Pelagia, nenda tu nyumbani," Gody alimwambia.

"Siendi."

"Tulikubaliana."

"Wewe ndiye uliyekubaliana. Mimi nilinyamaza tu, na sasa nimechoka kunyamaza." Pelagia aliinua bakuli, akamwonyesha Marieta. "Uangalie uji huu, mama. Ulezi wa nani?"

Marieta aliujua kwa rangi. Yeye mwenyewe aliupepeta.

"Anayeunywa ni nani?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Ndani ya nyumba mtu akakohoa.

* * *

Sebuleni hapakuwa na kiti. Kwenye fremu ya chumba cha kulala palikuwa na kitenge kimetundikwa kwa misumari miwili, na pembeni ya fremu matundu ya bawaba yalionekana, meupe, kama mahali meno yalipong'olewa.

Kikohozi kilitoka nyuma ya kitenge.

Marieta alifika mpaka hapo akasimama.

Kwao, mzazi haingii chumba cha kulala cha mtoto wake aliyeoa. Hata kama nyumba inavuja, hata kama mtoto anaumwa kichwa, anaitwa aje nje. Siku Stanislausi alipoleta mlango ule kutoka Butiama, maharusi walikuwa hawajahamia. Aliutundika, akalijaribu komeo, akatoka, akamwambia mkewe: "Mama Gody, mimi na wewe mwisho wetu ni hapa." Na mwisho wao ukawa hapo kweli. Yeye mpaka alipofariki, na Marieta mpaka leo hii.

"Gody," alisema bila kugeuka. "Mara zile zote. Alikuwa humu?"

Gody alikuwa amejiegemeza ukutani. "Alikuwa humu."

"Ukaniambia yuko kikobani."

"Nilijua hutaingia, mama. Nilijua hata kubisha hutabisha." Machozi yalianza kumtoka na hakuyafuta. "Figo zote mbili zimekufa. Daktari alisema ni mashine ya kusafisha damu, kila wiki Mwanza. Na wewe ulikuwa umetoka kulazwa kwa ajili ya moyo, baada ya baba kufariki. Nikasema, nikimwambia mama, nitazika wawili."

"Ukaufanya mlango wa baba yako ukusaidie uongo."

"Ndiyo, mama."

Marieta hakumpiga wala hakumlaani. Alibaki anakiangalia kitenge. Alikumbuka alivyokaa hapa sebuleni, akisema kwa sauti, makusudi, ili hata ukuta usikie: wakwe wa siku hizi wana mambo mengi. Kumbe ukuta ulikuwa na mtu nyuma yake.

"Mama." Sauti ilitoka ndani, nyembamba. "Mama, pita."

"Recho?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo. Nisamehe nakusalimia nimelala."

"Marahaba, mwanangu. Usiseme nisamehe. Mimi nitakaa hapa hapa sakafuni tuongee. Nakusikia vizuri."

"Pita, mama."

"Siwezi, mkwe wangu. Hiki ni chumba chenu. Mwisho wangu ni mlangoni."

Recho alikuwa anakusanya pumzi.

"Mlango uko wapi, mama?"

Marieta aliyaangalia matundu ya bawaba. "Uko Kabasa," alisema.

"Basi pita."

Gody alinyanyua kichwa. Pelagia alishika mdomo.

"Nilimwambia Gody auze mlango huu kwanza," Recho aliendelea, neno moja moja. "Kabla ya madirisha. Kabla ya sinki. Alishangaa, akasema wa mbele una bei zaidi. Nikamwambia huu kwanza. Nilikuwaga nakusikia, mama. Unapiga hodi, unakaa, unacheka na Gody, unaacha unga, unaondoka. Nikasema mlango huu ukitoka, siku moja mama ataniona."

Marieta alivua ndala zake. Sijui kwa nini alivua, sakafu yenyewe ilikuwa ya vumbi. Akakisogeza kitenge kwa mkono wa kulia, akavuka.

* * *

Usitake nikueleze alichokiona, msomaji. Recho aliyemjua alikuwa msichana mnene wa Kiriba, mwenye mwanya, anayebeba ndoo mbili za maji huku anaimba. Huyu aliyelala hapa alikuwa amevimba uso na miguu, na mikono imebaki fimbo. Mwanya tu ndio uliokuwa wake.

Marieta aliketi chini, akaushika mguu mmoja akauweka mapajani, akaanza kuukanda.

"Mama, usinishike miguu. Si heshima."

"Heshima nimeiacha nje pamoja na ndala. Inaumia hapa?"

"Kidogo."

"Na hapa?"

"Hapo pazuri."

Alimkanda mpaka pumzi zikatulia. Kisha akasema lile alilokuja nalo. "Nimekutengenezea nyumba Butiama, mwanangu. Karakana ya baba. Nimeisakafia mwenyewe. Twende leo. Machibya ana gari."

Recho alitabasamu, mwanya ukaonekana. "Ina dirisha?"

"Ina dirisha linaangalia mtama."

"Ningependa." Akafumba macho. "Sitafika, mama. Mara ya mwisho kutoka Mwanza nilizimia njiani, Gody akadhani nimekwenda. Daktari amesema nisitikiswe tena."

"Basi mashine?"

"Mashine hainisaidii tena. Mwambie Gody. Mimi nimemwambia, hataki kusikia. Anauza bati ili nirudishwe. Kichwani kwake nikipanda mashine mara moja tena, nitaamka."

"Usiseme hivyo!" Gody alipaza sauti kutoka nje ya kitenge. "Usimwambie mama hivyo!"

"Hela ya bati iko wapi?" aliuliza Marieta.

"Imeshakwenda, mama. Nimeshalipa hospitali. Hawarudishi."

Ndivyo ilivyokuwa. Paa limeuzwa kununua safari, na mgonjwa hawezi kusafiri.

* * *

Machibya alikuwa bado amesimama kando ya gari. Ngazi hakuigusa. Pelagia alikuwa amempa kikombe cha maji, naye alikuwa amekishika tu.

Marieta alitoka pekupeku.

"Nirudi Kabasa, mama?" Machibya aliuliza. "Ukisema nirudi, narudi."

"Na yule baba mwenye watoto?"

Machibya aliangalia chini. "Fundi wake ameshapiga papi, zile mbao za kushikia bati. Anasubiri bati tu."

"Na mvua hii."

"Na mvua hii."

Wote wawili waliangalia ziwani. Lile wingu lilikuwa limeshapanda.

"Ezua, mzee," alisema Gody kwa sauti kavu. "Umeshalipa. Usitutie aibu nyingine."

Machibya aliipima nyumba kwa macho. "Nitaanzia sebuleni," alisema mwisho. "Halafu jikoni. Chumba cha mgonjwa nitakiacha mpaka kesho jioni. Na turubai langu la gari nawaachia. Zaidi ya hapo, mama, siwezi kumdanganya mtu aliyelala nje na watoto."

"Umefanya vya kutosha, baba. Wengine wangeanzia hapo hapo kwa mgonjwa, wakamaliza." Marieta alijifunga kanga kiunoni. "Karakana ya mume wangu ina bati. Zina kutu, zina matundu ya misumari, lakini ni bati. Naenda Butiama sasa hivi. Nitaiezua, nipakie gari lolote la mizigo, kesho niwe hapa kabla hujagusa chumba hiki."

"Mama!" Gody alimshika mkono. "Ile nyumba umeitengeneza miezi! Tuma mtu. Piga simu."

"Nimpigie nani? Nyumbani niko mimi na kuku. Na wewe huwezi kutoka, nani atamnyanyua mkeo?" Akamshika shavu, kama alivyokuwa akimshika alipokuwa mdogo. "Nilimtengenezea Recho. Hawezi kuifuata, basi imfuate yeye."

Pelagia hakungoja zaidi. Alikwenda kwake, akarudi na mumewe aliyekuwa anasukuma pikipiki. "Huyu atakupeleka mpaka Butiama, mama. Atasaidia kung'oa misumari. Usimpe kitu, akipokea nitamnunia."

Machibya alimsogelea Marieta, akasema chini chini. "Na ule mlango, mama. Nitaurudisha. Bila chochote. Nauleta kesho na bawaba zake."

Msomaji wangu, huo ulikuwa mlango wa Stanislausi. Kiraka cha mpingo, komeo la siku nzima. Marieta aliufikiria, na mkono wake ulijisogeza wenyewe kidogo hewani, kama unasukuma kitu.

"Kaa nao, baba," alisema. "Ukiurudisha, nitabaki nje tena."

* * *

Alirudi ndani kuaga. Ndala alikuwa amezisahau pale pale kwenye fremu, akazipita.

Gody alimfuata mpaka sebuleni, akamnong'oneza kwa haraka, kama mtu anayetapika. "Mama, sijakwambia yote. Jana nilimpigia daktari. Nilimuuliza ni wiki ngapi. Akasema nisihesabu wiki. Akasema nikae karibu tu."

"Na Recho anajua?"

"Sijui anachojua."

Marieta alisogeza kitenge. Recho alikuwa macho, ameangalia juu palipokuwa na dari, ambayo nayo ilikuwa imeshauzwa. Papi na mabati vilionekana wazi, na ukingo wa wingu ulionekana kwenye tundu moja la msumari.

"Nimekusikia," Recho alisema. "Kuta hizi zinapitisha. Unakwenda kuivunja nyumba yangu ya Butiama."

"Naileta huku."

"Lile dirisha uliache, mama. Mtu mwingine atalipenda."

Marieta alimvutia shuka mpaka mabegani, akamfunika miguu, akamwinamia, akamwekea kiganja kwenye paji la uso. Lilikuwa la baridi kuliko alivyotarajia.

Nje, ngazi iliegemezwa ukutani. Ko. Nyayo za Machibya zikapanda polepole, zikatembea juu ya sebule kwa kunyata, kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Kisha msumari wa kwanza ukang'olewa, ukalia sauti ndefu. Na kwa mbali, ziwani, ngurumo ikaitikia.

Recho aliutafuta mkono wa mama mkwe wake, akaushika.

"Utakuja tena, mama?"

"Kesho. Kabla ya jioni."

"Uje." Alipumzika, akakusanya pumzi, akaendelea. "Ukikuta bati zimeshatoka, uje tu. Ukiniita nikawa kimya, usisimame nje kupiga hodi. Pita, mama. Uje tena, upite mpaka hapa."